Shikamoo ya Doto

Kabla ya alfajiri, redio ya Bibi Kurwa ililia ti-ti-ti juu ya kabati la vyombo. Mkamwana wake, Nyamizi, alikuwa ameshaiwasha na kumfunika bibi khanga mabegani.

Siku hizo sauti za watu zilikuwa marufuku hewani. Ndugu waliandikiana tu kwa redio. Na mzee akinyamaza siku tatu, mtambo wa redio ulijibu kwa jina lake, ili jamaa zake wasipate hofu. Doto, pacha wa Bibi aliyeko Mpanda, alikuwa kimya siku tatu kamili.

Bibi aliandika: "Doto, umeamkaje? Hebu msalimie mkubwa wako."

Tangu utotoni Doto alikuwa na jibu moja tu: "Dakika kumi hazikufanyi mkubwa, we Kurwa!"

Herufi zikajitokeza kwenye kioo cha redio, moja moja.

"Shikamoo, dada."

"Amejibu!" Nyamizi alishangilia. "Mama, si nilikwambia ni mzima?"

Bibi hakutaka kumharibia furaha. Akaandika, "Marahaba." Hakuweza kuiacha salamu bila jibu, hata iwe ya mtambo.

Kioo kikawaka tena.

"Nimefurahi sana, dada. Kesho uje tena kunisalimia."