Adapta ya Vichwa Viwili

Kiprono aliingia majlisi, sebule ya wageni, bila kuitwa, jambo ambalo dereva hafanyi. Akasimama karibu na mlango, miguu mitupu juu ya zulia, mpaka bosi wake, Abu Fahad, alipomaliza kuongea kwa simu.

"Gari lina nini?" Abu Fahad aliuliza.

"Gari ni zima, baba. Nimekuja kwa habari ya karavani."

Karavani ilikuwa imeungua miezi saba iliyopita, na katika nyumba ile ya mtaa wa Muaither, nchi ya Waarabu, hakuna aliyeitaja tena. Aliyelaumiwa alisharudishwa kwao. Kiprono akaeleza yote kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, bila kujipunguzia lawama hata chembe.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Kila msimu wa baridi familia ilikwenda kupumzika shambani Umm Salal, karavani ikaegeshwa kando ya nyumba ya pampu. Ilikuwa nyumba kamili juu ya magurudumu, ila umeme wake ulikuwa haba. Ukiwasha hita na birika pamoja, swichi inakata. Watoto wakaoga maji baridi, mama yao akanuna.

Kiprono aliwahi kusomea umeme muhula mmoja huko Kapsabet. Akasema aachiwe yeye. Akaunda adapta yenye plagi mbili, moja ya kuchomeka nyumba ya pampu, nyingine chumba cha mlinzi, zote zikiungana kwenye waya mmoja wa kuingia karavani. Muuza vifaa vya umeme kule eneo la viwanda alimtazama sana.

"Rafiki, waya za ndani ni nyembamba. Zitaungua."

"Ni kwa muda tu."

Ikafanya kazi. Abu Fahad akampiga begani mbele ya wageni, akamwita injinia. Sifa zikamnogea Kiprono. Kila alipougusa ule waya na kuukuta una joto, aliondoa mkono na kunyamaza.

Kiprono alimdokezea mtu mmoja tu. Hadijah, mwanamke wa Mumias aliyewapikia na kuwalea watoto, alikuwa amemzidi miaka kumi na akimwita mdogo wangu.

"Ruhusa yako ya kwenda nyumbani imefika wapi, dada?" Kiprono alimuuliza siku moja jikoni.

"Imesogezwa tena. Sasa ni baada ya Ramadhani." Hadijah alikuwa akimenya vitunguu, wala hakuinua kichwa. "Ulitaka kuniambia nini?"

"Ile adapta. Ukisikia harufu yoyote, zima swichi kwanza, halafu uchomoe."

"Na moto ukishika?"

"Usiombe. Karavani ni mbao na plastiki. Dakika kumi imekwisha."

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, Kiprono alitoka kununua mkate na mafuta ya gari. Aliporudi aliona moshi akiwa bado barabarani. Watoto walikuwa salama. Hadijah alikuwa amewapeleka mwisho wa shamba kutazama mbuzi. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi juu ya begi lake kando ya ukuta, akiutazama moto kwa macho makavu.

Kiprono akakimbilia nyumba ya pampu. Akakuta plagi zote mbili zimeshachomolewa na kurundikwa pale, akadhani mlinzi amemtangulia. Akaiokota adapta, akaitupa kisimani.

Alipotoka, mama wa nyumba alikuwa akifoka. Nani alikuwa ndani? Nani alikuwa akipiga pasi?

"Ni mimi, mama," Hadijah alisema. "Niliiacha pasi. Nisamehe."

Kiprono aliyasikia maneno hayo. Alijua kwamba akifungua mdomo, atakayepandishwa ndege ni yeye, na kule kwao kuna nyumba nzima inayomtazama. Akaufunga.

Abu Fahad hakutaka polisi wala maneno ya watu. Siku ya tano Kiprono ndiye aliyempeleka Hadijah uwanja wa ndege, miaka minne ya kazi ikaishia kwenye begi moja na jina la mzembe. Njia nzima alishindwa kumtazama kwenye kioo.

Tangu hapo chakula kilikosa ladha. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko ambayo hata Wakristo husali, alitoka nje ya kanisa kabla ya meza ya Bwana, akangoja kwenye maegesho. Namba ya Hadijah alikuwa nayo. Hakuthubutu kuipiga.

Abu Fahad alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimemfukuza mwanamke asiye na kosa," alisema. "Na wewe ukaniangalia."

"Ndiyo, baba."

"Pasipoti yako iko kwangu. Utasafiri Jumapili."

Kiprono akashukuru, akatoka. Kifua kilikuwa kimefunguka kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba. Akaketi kitandani, akapiga simu Mumias.

"Dada Hadijah, ni Kiprono. Nimemwambia bosi ukweli. Haikuwa pasi, ilikuwa ile adapta yangu. Nilikuacha ubebe lawama yangu, na sijapata amani tangu siku hiyo. Nakuomba msamaha."

Upande wa pili mwanamke mzee alisikika akikohoa, na Hadijah akimwambia, "Kunywa uji, mama, nakuja." Kisha akarudi kwenye simu.

"Amekufanya nini?"

"Nimefutwa kazi. Nasafiri Jumapili."

Hadijah akatoka uani, mbali na masikio ya mama yake.

"Maskini, mdogo wangu," alisema. "Adapta yako niliichomoa kwanza, isije ikasemwa ni wewe. Ndipo nikawasha kiberiti."