Waya wa Kijani

Amplifaya ya tatu ilichelewa kupata moto, na Chande akaona hapo ndipo pa kusema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya meza ya Fundi Mussa, pale Magomeni ya huku kusini, gitaa mapajani, maneno yamemjaa mdomoni tangu asubuhi.

"Fundi, kuna jambo nataka..."

"Subiri taa ziwake," Fundi Mussa alimkatiza. "Hizi za taa za vioo hazitaki haraka. Haya, piga."

Chande akapiga. Amplifaya ya kwanza alikuwa ameikataa kwa uzito, maana bendi yao leo ina harusi Nanyamba, kesho iko hotelini, keshokutwa Msimbati, na si kila siku utapata watu wawili wa kukupandishia mzigo kwenye bajaji. Ya pili ilikuwa nyepesi lakini sauti yake ndogo. Kwenye uwanja wa wazi ngoma zingeimeza. Hii ya tatu, iliyoachwa na mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye visima vya gesi, ilikuwa boksi moja na spika yake ndani, na mtu mmoja aliweza kuibeba. Ukiifungulia kidogo, inanong'ona na wageni wanaendelea kula. Ukiikaza, inakoroma mpaka bibi harusi anasahau kununa.

"Haivumi," alisema Chande.

"Sirudishi tena kwa mtu kitu kinachovuma," alijibu fundi, na macho yake akayapeleka barabarani.

Tusidanganyane, Chande hakuja kwa ajili ya amplifaya tu. Mafundi wapo tele mjini. Alikuja hapa kwa sababu roho ilikuwa inamsuta.

Miaka sita nyuma, mpiga gitaa wa bendi alikuwa kaka yake, Shafii. Amplifaya yao, iliyotoka kwa Fundi Mussa wiki ileile, bado ilikuwa inavuma kama mzinga wa nyuki. Mchana wa siku ya harusi moja, Chande alikaa kibarazani nyumbani, mama yao akianika makopa ya muhogo uani, akafungua plagi kwa kisu na kukata waya wa kijani, ule wa kupeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea. Mvumo ukaisha. Ni ujanja wanaoufanya wapiga muziki wengi, na mafundi wengi pia, na mara nyingi hakuna kinachotokea. Jioni ile Shafii alishika nyuzi kwa mkono mmoja na maikrofoni kwa mkono wa pili, na hakuiachia mpaka umeme ulipozimwa. Walimzika kesho yake.

Plagi ilipofunguliwa, watu wakauliza ni nani aliyeukata waya. Chande alikuwa bado anatafuta ulimi wake. Siku ya nne ya msiba, Fundi Mussa akaja mwenyewe mbele ya wazee, akasema ni yeye.

Chande akanyamaza. Alijiambia kwamba fundi alishakata nyaya nyingi mno hata hakumbuki upi aliukata na upi hakuugusa, na sasa anajihukumu bure, masikini. Siku ya kwanza ya kunyamaza ilimchoma. Baadaye ikawa mazoea, na mazoea yana tabu. Familia ilisamehe, ikasema ni kazi ya Mungu. Mji haukusamehe. Wateja walihama mmoja mmoja, mke wa fundi akarudi kwao, na watoto wakimpita dukani walimwita muuaji. Hata Bi Saumu, mama yake Chande, akimwona Fundi Mussa anakuja, huvuka barabara haraka, kichwa chini, ushungi ameuvuta usoni. Chande kila akiliona hilo hujisikia mdogo kuliko sisimizi. Chuki ile, alijua, ni yeye aliyeipanda.

Wiki hii bendi ilimkabidhi rasmi nafasi ya Shafii, na hapo ndipo kula kulipomshinda. Akaamua: leo atamwambia fundi, kisha atakwenda kumwambia mama kabla ya magharibi, hata kama atamtoa nyumbani na kumkana.

"Mama hajambo?" aliuliza Fundi Mussa, kana kwamba amesikia anavyowaza.

"Hajambo. Presha tu inamsumbua."

"Basi usimpe mawazo." Fundi akainama kugusa kitufe. "Sikia hii sasa, nikiongeza besi kidogo..."

Chande akanyoosha mkono, akaizima. Ikasikika redio ya jirani.

"Fundi, ule waya niliukata mimi. Si wewe. Umebeba mzigo wangu miaka sita na mimi nakuangalia tu. Nakuomba radhi, ingawa najua haitoshi. Nikitoka hapa nakwenda kumwambia mama."

Alingoja kofi, au matusi, au machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Fundi Mussa hakushtuka hata kidogo. Alichukua kitambaa, akafuta vumbi juu ya amplifaya, akakikunja, akakiweka mezani.

"Mama yako usimwambie."

"Lazima ajue, Fundi. Anakuchukia bure."

Fundi Mussa akatikisa kichwa.

"Siku ya tatu ya msiba, alfajiri, alikuja hapa peke yake, akapiga magoti hapo ulipoketi, akanisihi niseme niliukata mimi. Akaniapisha usijue kamwe kwamba alikuona."