Firigisi ya Semboja

Siku hizi watu wakioana hawavishani pete. Kila mmoja hupewa kidude kinachoendesha moyo, tumbo na jasho la mwenzake, nacho hakitii kidole gumba kingine ila cha aliyepewa. Msiniamini mkitaka, lakini nilikuwa mezani kwa jirani yangu Semboja siku alipoikosa firigisi kwenye sahani yake.

“Firigisi ya mwenye nyumba iko wapi?” aliuliza.

“Mwenye nyumba wa leo ni mimi,” alijibu mkewe, Mwanamvua, akijilamba vidole.

Semboja akamtwanga sahani ya uso. Mwanamvua, damu ikimchuruzika puani, akazungusha kidude. Utumbo wa mumewe ukajisokota, akaanguka akitapika. Palepale sakafuni naye akazungusha chake hadi mwisho, na moyo wa mke ukaenda mbio hata nikauona ukiruka chini ya kanga. Kwa hasira, Mwanamvua akausimamisha moyo wa mume.

Semboja akatulia tuli. Ila mbio za moyo wa mke hazikupungua, na wa kuzipunguza ndiye huyo aliyelala bila pumzi.

“Shemeji, nizungushie wewe,” alinisihi.

Nilijaribu. Kidude kikakataa gumba langu. Ikambidi amwashe mumewe upya.

“Amka, baba, nakufa.”

Semboja akafumbua macho, akafuta mdomo, akaweka gumba juu ya kidude bila kukizungusha.

“Kanipikie kwanza kuku mwingine,” alisema.

Mwanamvua akainuka akishika kifua, akachukua kisu. Mimi jirani yao najua: bandani hapakuwa na kuku mwingine.