Mshahara wa Kuingilia Mlangoni

Mwalimu alitaka mshahara wake upande mara nne kabla ya saa sita mchana, na Mama Stempu akamwambia akae kwenye benchi asubiri mashine ipoe.

"Wanataka ngapi safari hii?" akamuuliza.

"Milioni sita kwa mwezi. Chini ya hapo hata fomu hawakupi."

"Na shuleni wanakupa moja na nusu." Mama Stempu akasonya. "Milioni sita, kwa vyumba viwili na jiko la kuingia kinyumenyume."

Duka lake la kuchapa na kutoa nakala lilitazamana na jengo lenyewe, ghorofa kumi na nne za vioo. Zamani kiwanja kile kilikuwa na nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, naye alizaliwa humo, safu ya tatu, mlango wa mwisho. Siku ya kubomolewa waliambiwa wavute subira, watajengewa makazi bora. Yakajengwa kweli. Kisha ikabandikwa karatasi mlangoni, ikitaja kipato cha mtu anayestahili kuingia. Wengine walishasahau. Mama Stempu alikuwa bado anaikumbuka rangi ya gari lililopita na kipaza sauti asubuhi ile, na tai ya bwana aliyekaa ndani yake. Ndiyo maana alipoanza kuchapa hati za mishahara hakukosa usingizi hata siku moja.

"Shuleni sikuandiki," akamwambia mwalimu. "Mkuu wa shule mwenyewe hafiki huko. Wewe ni meneja wa ghala, kampuni ya vipuri."

"Mama, mimi sijui kipuri hata kimoja."

"Wanaolipwa milioni sita wanajua nini? Na mkopo wa nyumba utaulipaje?"

"Tutaingia familia tatu. Sisi chumba kimoja, shemeji kile kingine, mdogo wangu na mkewe sebuleni."

"Haya, tajiri. Soma jina lako, usije ukasema nimelikosea."

Mwalimu alipotoka na hati yake kwapani, benchini akabaki mtu mmoja wa koti la kijivu, bahasha mapajani. Alikuwa amekuja kabla ya mwalimu, akampisha kwa adabu. Mama Stempu alidhani anataka nakala za vyeti. Mtu yule akainuka, akauvuta mlango wa chuma hadi nusu, akamwaga karatasi mezani.

Zilikuwa kumi na tisa. Mama Stempu alizijua kama mtu anavyozijua nguo alizozifua kwa mkono wake.

"Mimi ndiye ninayekagua maombi pale ng'ambo," mtu akasema. "Kaa, mama."

Akakaa. Nyuma ya pazia mama yake mzazi akakohoa. Mwaka wa tatu huu bibi yule alikuwa hajainuka kitandani, na hakuwa na mwingine wa kumgeuza. Jioni hii hii, kama mwanawe atalala rumande, nani atamgeuza?

"Kampuni moja ya vipuri," mkaguzi akasema, "ina mameneja wa ghala wanane. Nilikwenda kuitafuta. Mahali ulipoiweka pana kibanda cha kuchomelea vyuma. Huyu umempa mshahara wa mkurugenzi na makato ya mfagiaji. Huyu, mama, aliajiriwa akiwa na miaka tisa."

"Alikuwa mchapakazi."

Mkaguzi hakucheka.

"Kama ni polisi, waite," Mama Stempu akasema. "Ila niache kwanza nimtafutie mama mtu wa kukaa naye. Na ukifika huko kituoni, waeleze pia hiyo milioni sita aliipanga nani."

"Tuliipanga sisi. Mwenye kampuni yetu alituita mezani, akasema tuweke kiwango kitakachowazuia watu wa kuanika nguo roshani. Tukapiga makofi."

"Mkapiga makofi."

"Tulikuwa tumeletewa chakula."

Mama Stempu akamtazama kuanzia kola mpaka viatu. Kola ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya, upande uliochakaa ndani.

Mkaguzi akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya ishirini. Hii haikutoka kwenye mashine ya Mama Stempu. Ilikuwa hati ya kweli, na ukweli wake ulionekana kwa unyonge wa tarakimu: milioni mbili kasoro, jina la mkaguzi juu, sahihi ya meneja mkuu chini.

"Nimehama mara nne, kodi ikinifukuza," akasema, na sauti ikamshuka. "Sasa nakaa mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Wanangu wananiona Jumapili tu, siku nyingine nikirudi wamelala. Hizo kumi na tisa nimezipitisha zote, mama, wala sitamwambia mtu. Niajiri na mimi huko kwenye vipuri, kazi ya pili ya kujazia mshahara. Lakini yangu iwe safi, makato yalingane mpaka senti ya mwisho. Maombi ya sisi wafanyakazi anayakagua meneja mkuu mwenyewe, na yule akishika kalamu hana ndugu. Akinigundua, nyumba sipati na kazi sina."

Mama Stempu akaisogeza hati kwenye mwanga wa mlangoni. Akalisoma jina lililochapwa chini ya ile sahihi. Akalisoma tena, polepole.

"Huyu asikutie hofu, mwanangu," akasema, akiwasha mashine. "Tangu Jumanne naye ni mhasibu wetu kwenye vipuri."