Mkoba Kwenye Benchi

Jumapili hiyo Fundi Viatu alivaa viatu vyake vya soli ya mpira, vile visivyolia, akamfuata mke wake kanisani bila mwenyewe kujua. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Mgongo ulikuwa umempinda kwa kuinamia viatu vya watu, na harufu ya gundi haikumtoka mwilini hata aoge mara tatu. Lakini wivu uliomkaba ulikuwa wa kijana aliyeoa juzi.

Yote yaliletwa na mjukuu wake. Alhamisi alikuja kibandani na kiatu cha shule kilichoachama mdomo, akakaa, akaanza kumwaga habari ambazo hakuulizwa.

"Babu, unajua Bibi anamwekea mtu nafasi kanisani? Mwisho wa benchi, karibu na mlango wa pembeni. Anaweka mkoba wake pale. Juzi hata mgeni wa mchungaji aliambiwa asogee."

Nyundo ya Fundi ilisimama hewani. "Anamwekea nani?"

"Hasemi. Ukimuuliza anakwambia mwenyewe yuko njiani. Na amemshonea mto wa kuegemea, wa ngozi laini!"

Ngozi laini. Kumbe ndiko vilikokuwa vikiishia vipande vyake, naye akiwasingizia panya.

Mkewe hakuwa mwanamke wa kutiliwa shaka. Ndoa yao ilikuwa na miaka hamsini na minne, watoto saba, na wajukuu ambao Fundi alishachoka kuwahesabu. Mkewe alikuwa mzee wa kanisa. Alifua vitambaa vya madhabahu, aliuguza wagonjwa, alipatanisha ndoa za watu, na mtaa mzima ulimwita Mama Nguzo. Sifa hizo zote Fundi alizisikia kwa wengine tu, maana kanisani hakukanyaga tangu mtoto wao wa pili akiwa wa kubebwa mgongoni.

Alikuwa na sababu yake. Alimshonea mchungaji wa wakati ule viatu vipya, na katikati ya mahubiri soli moja ikabanduka. Kila mchungaji alipopiga hatua, chapa! chapa! Kanisa zima likaangua kicheko. Fundi akatoka kwa mlango wa pembeni, uso umemwiva, akaapa hatarudi tena. Mkewe alimbembeleza mwaka mzima, kisha akanyamaza.

Sasa Fundi aliona kwa nini alinyamaza. Alikuwa amepata wa kukaa naye.

Na wa kumshuku hakuwa mbali. Mwalimu wa kwaya alikuwa mgane, mrefu, mwenye sauti nzito ya kutetemesha madirisha. Ijumaa yake alileta viatu vyake vitiwe kiraka, akasema kwa tabasamu, "Mzee, una bahati. Mama Nguzo anatutunza kweli kweli pale kanisani." Anatutunza! Fundi alivishona vile viatu kwa hasira mpaka sindano ikakatika.

Jumamosi jioni alijaribu kumtega mkewe.

"Mama watoto, kesho utakaa na nani kanisani?"

"Na watu wa Mungu." Mkewe alikuwa akinyoosha gauni lake jeupe kwa pasi. "Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

"Haya, uliza tu, Baba watoto. Miaka yote hii hukuwahi kuuliza." Akatabasamu peke yake, na tabasamu hilo ndilo lililommaliza Fundi.

Asubuhi, mkewe alipokuwa akioga, Fundi alitia nguo zake kwenye begi na kulisukuma chini ya kitanda. Akimwona tu huyo mwanamume ameketi, angehamia kwa mwana wao wa kwanza siku hiyo hiyo. Asingeeleza wala kuaga.

Aliingia kanisani wimbo wa kwanza umeshakolea, akajibanza kando ya kabati la vitabu, karibu na mlango wa pembeni. Pale mbele yake, mwisho wa benchi, alikuwepo mkewe, amempa mgongo. Mkoba ulikuwa palepale pembeni yake, umeegeshwa kwenye mto wa ngozi ya kahawia. Ile ngozi aliijua, aliikata mwenyewe. Machozi yalimlenga, na aliyachukia.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mbele akipunga mikono. Ngoja ashuke, Fundi aliwaza.

Wimbo ukaisha. Mwalimu akashuka, akijifuta jasho, akaja moja kwa moja kuelekea benchi lile. Fundi akakunja ngumi, mifupa mitupu. Mwalimu akamwinamia Mama Nguzo kichwa kwa heshima, akapita, akaenda kuketi na waimbaji wake.

Mkoba haukuondoka.

Fundi akachanganyikiwa. Nani, basi? Akamtazama muuza mkaa, akamtazama dereva mstaafu, akamtazama kinyozi. Kila mmoja alikuwa ameshaketi na mkewe au na wanawe. Mchungaji alifungua kitabu, na mlangoni hapakuwa na mtu. Fundi akasahau kujificha. Akasogea hatua moja ili aone vizuri, akasogea nyingine, viatu vyake vya mpira visilie hata kidogo, mpaka akajikuta amesimama mwisho wa benchi.

Mkewe hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa mchungaji. Akavuta harufu puani, taratibu, kisha akauondoa mkoba, akaupakata, akaupapasa ule mto kuutoa vumbi.

"Kaa, Fundi," alinong'ona. "Walishamaliza kucheka."