Herufi Moja

"Dada Yasinta, njoo ujionee!" meneja aliita. "Unagusa herufi moja tu, kompyuta imeshajibu. Hata Enta hubonyezi!"

Yasinta akaangalia, akacheka kwa meno tu. Programu aliyoiandika yeye, kabla binti huyu mwenye programu mpya hajaletwa kutoka Dar, ilisubiri Enta kila mara, na hakuna aliyewahi kulalamika. Leo ofisi nzima ya ushirika wa zabibu imemzunguka mgeni utadhani kaleta mvua Dodoma.

Walipokwenda kunywa chai, Yasinta alibaki. Akakalia kiti cha mgeni, kingali na joto lake, akapekua menyu mpaka chini kabisa.

FUTA WAKULIMA WOTE? N KWA NDIYO, H KWA HAPANA.

Wakulima wale aliwaingiza yeye, jina kwa jina, mwaka mzima, macho yakimwuma. Hakukusudia kuwafuta. Alitaka tu aione ile N imekaa kwenye skrini, wivu umpoe kidogo, kisha airudishe nyuma kabla ya Enta, kama alivyozoea.

Kidole chake cha shahada, chenye wino wa printa pembeni mwa ukucha, kikashuka polepole.

WAKULIMA: 0.

Alikuwa bado hajakiinua kidole pale mlango ulipofunguliwa. Binti aliingia na vikombe viwili vya chai, kimoja akakiweka mbele ya Yasinta.

"Nimekuletea na wewe, dada. Umeijaribu?" Akatabasamu. "Yaani haisubiri kabisa."