Kilichoonjwa

Tangu sheria ipite, ilikuwa marufuku kumuua mikia-mitatu, yule mdudu mdogo asiye na mabawa mwenye magamba ya fedha, wala kukihamisha kitu alichokwisha kukionja. Mkiwa, yalikuwa yamemfika shingoni. Wadudu hao walikuwa wamekula kalenda yake, wakala albamu yake ya harusi, na asubuhi hiyo aliwakuta kwenye barua ya mwisho ya marehemu mama yake.

"Afande, umebaki mstari mmoja tu! Niruhusu niitoe."

Lyatuu, afisa wa wadudu, aligonga muhuri kwenye mlango wa kabati lenye barua. "Kilichoonjwa ni chao, mama. Hakitoki humu ndani."

"Basi nitahama mimi, niwaachie hata vyungu!"

"Kuhama ni ruhusa. Vilivyoonjwa vitabaki."

Mkiwa alisonya kwa nguvu. Hapo bintiye Sikudhani, wa miaka sita, akatoka chumbani akijikuna. "Mama, kichwa kinaniwasha."

Ncha ya msuko wake mmoja ilikuwa imetafunwa, imebaki kama mswaki uliochakaa.

Lyatuu aliutazama ule msuko, kisha akautazama muhuri mkononi mwake. Hasira zote zilimwishia Mkiwa. Akamvuta mtoto na kumfunika kichwa kwa khanga.

"Kajikata mwenyewe," alisema. "Kwa mkasi."

"Kwa mkasi," Lyatuu alirudia taratibu. Akavuta kiti, akakaa, akanyoosha mkono. "Njoo, mwanangu. Njoo nikuone."